Mwalimu wa Kemia na Tanuri Langu la Chokaa

Mwalimu wa kemia hakuwa mtu wa kupendeza. Nalisema mapema kwa sababu tangu yamfike yaliyomfika, kila anayemtaja humtaja kama walii. Hakuwa walii. Alikuwa na ulimi mkali, hakujua kula chakula cha mtu bila ya kukitia kasoro, na kikohozi chake cha alfajiri kiliamsha nyumba zote za upande wetu wa Chokocho. Watoto walimwiga anavyotembea, bega moja juu, bega moja chini, kama aliyebeba ndoo isiyoonekana. Lakini walimpenda. Na miye nilimpenda.

Miye sikusoma. Nilifika darasa la tatu, nikatolewa kulea wadogo zangu, basi. Nijualo ni chokaa. Marehemu mume wangu aliniachia tanuri, nami nikaliendesha: mawe yachimbwe, magogo ya minazi yapangwe, mawe yapandishwe juu, moto utiwe, na ukishapoa unyunyize maji mpaka jiwe lianguke lenyewe likawa unga. Nyumba nyingi nyeupe mnazoziona kuno kusini zimepakwa chokaa yangu. Kwa kazi hiyo nimelea watoto watano na mjukuu mmoja, na sikumpigia mtu hodi kuomba chumvi.

Mwalimu alipanga chumba nyuma ya kwangu. Siku ya kwanza kusema nami kwa kituo alikuja mpaka tanurini na viatu vyake vya skuli, akaokota jiwe, akalipima kwa mkono kama anayenunua embe.

"Bi Mkubwa, jiwe hili likitoka motoni lina uzito ule ule?"

"Weye mwalimu mzima hujui? Linatoka jepesi. Gunia la mawe wanaume wawili wanalinyanyua kwa kuguna. La chokaa nalibeba mwenyewe."

"Basi ule uzito mwengine umekwenda wapi?"

"Umeungua."

"Hakuna kinachoungua kikawa si kitu, Bi Mkubwa. Kimekwenda mahali."

Nilikasirika. Mtu hajawahi kushika hata koleo, anakuja kunisomesha tanuri langu mwenyewe. Nikamwambia aende akasomeshe watoto. Hakwenda. Akakaa juu ya gogo akanieleza kuwa ndani ya jiwe mna hewa imefungwa, moto unaifungua, nayo inaondoka na moshi. Ukitia mawe safi kilo mia, akasema, hamsini na sita zitabaki chokaa na arubaini na nne zitapanda mbinguni.

"Nani aliyezipima huko mbinguni?"

Hakucheka. Kesho yake aliazima mizani ya dukani, akapima jiwe, akalitia alama ya waya, akalirudisha tanurini na mengine. Lilipotoka tukalipima tena. Halikuja kama alivyosema, lilikuwa zito kidogo.

"Mawe yako yana mchanga," akasema.

"Mawe yangu hayana mchanga. Hesabu yako ndiyo yenye mchanga."

Hapo alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Nasikia neno hilo alilipeleka darasani, na miaka yote mtoto akikosea alimwambia, "Hesabu yako ina mchanga, ipepete."

Tangu hapo Jumamosi akaanza kuwaleta wanafunzi wake kwangu. Skuli yao ilikuwa na chumba cha maabara, lakini ndani mlikuwa na meza na popo. Basi maabara ikawa tanuri. Watoto walikaa juu ya magogo, yeye akasimama na kipande cha mkaa, ubao wake ukawa ukuta wa ghala langu. Aliandika ule mstari wao wa herufi na mshale katikati, huku jiwe, kule chokaa na hewa. Mtihani wao ni wa Kiingereza, lakini yeye aliwaeleza kwanza kwa lugha yetu mpaka wakafahamu, ndipo akawarejesha kwenye Kiingereza. Wakaguzi walimwambia aache. Hakuacha. Alisema mtoto hawezi kutafuna jiwe na lugha ya watu kwa wakati mmoja.

Nilikuwa najifanya napanga kuni, kumbe nasikiliza. Kulikuwa na neno lao moja, moli, lililowatoa watoto jasho. Aliwaambia, moli ni pishi. "Mama zenu wanachuma karafuu, wanapimiwa kwa pishi. Pishi ya karafuu na pishi ya mchele, pishi ni moja, uzito ni mbali mbali. Sasa tieni ndani ya pishi vidudu visivyoonekana." Nikasema moyoni, kumbe ni hilo tu.

Siku nyengine alikuwa akiwafundisha kile kinachopungua na kinachozidi. Akaniita.

"Bi Mkubwa, una vipande saba vya kanga. Utatoa doti ngapi?"

"Tatu."

"Na kipande cha saba?"

"Najifunga miye jikoni."

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Yeye akangoja, kisha akawaambia: kinachopungua ndicho kinachoamua utapata kiasi gani. Kinachozidi kinabaki kinakutazama. Akawaonesha kwa chokaa na maji. Chokaa mbichi, iliyotoka motoni bado haijanyunyizwa, inataka maji yake kwa hesabu. Ukiipa machache inachemka, inarusha, inaunguza, kwa sababu moto wote umekaa kwenye maji kidogo. Ukiipa mengi, mengi ya kupindukia, inashiba, na yaliyozidi yanauchukua ule moto yanakwenda nao. Nakumbuka alivyosema "mengi ya kupindukia", akifungua mikono kama anayekumbatia mbuyu.

Neno lake la kila siku lilikuwa "sawazisha kwanza". Kwenye ile mistari yao ina maana upande huu na ule viwe sawa kabla hujaanza hesabu. Yeye alilitumia kwa kila kitu. Nikipakia gari la ng'ombe na magunia yameegemea upande mmoja, nasikia nyuma yangu, "Sawazisha kwanza, Bi Mkubwa." Watu wakigombana msikitini juu ya saa ya kuadhini, "Sawazisheni kwanza." Kijana mmoja alimwendea kumwambia anataka kuoa, akamuuliza, "Umesawazisha?" Kijana akarudi kwao hajui kama amekatazwa au ameruhusiwa.

Na mtu huyo wa vipimo alitia sukari kwenye chai kwa kumimina kopo, haangalii. Samaki wake aliunguza kila siku. Watoto aliwaambia kila kitu kina sababu yake na sababu inapimika, na asubuhi ya mtihani wa Fomu Foo aliingia darasani na chetezo cha ubani, akakizungusha kila dawati, midomo ikisoma. Nikamuuliza ubani nao una kipimo gani. Akaniambia, "Huo tunazidisha tu, Bi Mkubwa, haudhuru."

Sifa alikuwa bakhili nazo. Mjukuu wangu Raya, niliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa kichwa, na sisemi kwa kuwa ni wangu, ingawa ni wangu. Hesabu za jiwe na chokaa alizifanya huku anasuka ukili. Siku moja alirudi kutoka kwa Mwalimu analia. Amekosea hesabu moja, moja tu, na Mwalimu amemwambia mbele ya wenziwe, umekosea, rudia. Amerudia, akaambiwa tena umekosea. Nilijifunga kanga nikatoka. Nilimkuta Mwalimu anaosha shati.

"Mtoto wa watu unamliza kwa nini? Si ungemwambia amejaribu?"

Akakamua shati lake taratibu. "Nikimwambia amepata na yeye hakupata, nitakuwa nimemfanya mjinga nami najua si mjinga. Mwambie aje arudie."

Nilikuja kugombana, nikarudi nikamwambia Raya akarudie. Raya akarudia mara ya tatu. Akapata. Mwalimu akasema, "Haya," basi. Na mtoto alikuja nyumbani na hiyo "haya" kama aliyepewa bangili.

Sasa niseme la macho. Sitaki, lakini bila ya hilo nitakuwa nimechora mtu nikamwachia uso mtupu.

Kwenye tanuri palitundikwa chupa ya mafuta ya nazi. Ilikuwepo tangu wakati wa babake mume wangu. Kila tanuri kuno lilikuwa nayo. Mtu akirukiwa na chokaa jichoni, analazwa chali, anatiwa mafuta. Maji hatiwi. Sote tulijua hivyo, kwa sababu sote tumeona chokaa ikikutana na maji: inachemka kama chungu. Nani atamchemshia mwenzake chungu ndani ya jicho? Hata miye ningelikuwepo siku ile, ningemtia mafuta. Sikuwepo. Nilikwenda Madungu, kule Chake, kwenye hitima ya shoga yangu.

Ilikuwa Jumamosi. Mwalimu na wanafunzi wake wapo, na fundi wangu wa tanuri yupo na wapagazi. Fundi alimwaga ndoo ya maji juu ya rundo lililokuwa bado na mabonge mabichi ndani. Rundo likapasuka. Mwalimu alikuwa ameinama karibu, anawaonesha watoto mvuke. Ikamrukia usoni, macho yote mawili.

Wote waliokuwepo wanaeleza sawa sawa. Alipiga kelele moja tu, kisha akaanza kusema, maji, nipeni maji mengi, mengi, nimwagieni. Alisema kwa sauti ya darasani, wanasema, kama anayeeleza. Na fundi, ambaye alimpenda kama ndugu, akamkumbatia kwa nyuma akamlaza chini.

"Tulia, Mwalimu, utajipika macho. Leteni mafuta."

"Maji, nakwambia. Ni machache ndiyo yanayounguza."

"Maumivu hayo yanamsemesha," fundi akawaambia wenziwe. "Mshikeni mikono."

Raya alikuwa ameshabeba ndoo. Alisimama nayo juu ya vichwa vyao, analia, anasema, anasema kweli, Mwalimu anasema kweli, mengi hayachemki. Mpagazi mmoja akamsukuma. "Mtoto wa kike, weka ndoo chini, usituulie mtu." Ndoo ikamwagika mchangani. Watu wanne wazima walimshika mwalimu wao mikono na miguu, wakamtia mafuta kwa huruma zao zote, na yeye anawaambia wanavyomuua macho, mpaka akanyamaza.

Hospitali wakamwagia maji kwa saa nzima. Daktari akaniuliza miye, nilipofika mbio kutoka Madungu, kwa nini hayakumwagwa kule kule, dakika ile. Nilimtazama Mwalimu kitandani. Macho yalikuwa meupe kama ya changu aliyechemshwa. Fundi alikuwa amekaa sakafuni ukutani, mikono yake inanuka nazi.

Chupa ile niliitupa baharini. Sasa tanurini pana pipa la maji, limejaa hadi ukingoni, na kata juu yake, na kila mpagazi mpya namsimamisha hapo kabla hajagusa koleo. Wapita njia wananiambia nimefanya vyema. Nawajibu waende zao.

Skuli ilimpa heshima, ikamuaga kwa hotuba, ikaleta mwalimu mwengine. Dada yake akamchukua akae naye Madungu. Raya alifanya mtihani wake, akafaulu, na leo yuko chuo Unguja anasomea maabara ya hospitali. Lakini kwa Mwalimu hajakanyaga. Kila likizo anasema atakwenda, na kila likizo anapata homa, au nguo za kufua, au safari ya ghafla. Mara moja tu aliniambia: "Bibi, miye nilijua jawabu na nilikuwa na ndoo mkononi." Nilimtilia chai.

Miye nakwenda. Kila nikiingia Chake nampitia. Mara ya mwisho ilikuwa baada ya Idi, nimemchukulia pweza. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka kando ya dirisha, kanzu safi, ndevu zimekatwa na mtu mwengine, hazikulingana.

"Pweza huyu hakupigwa vya kutosha," akasema kabla hajamaliza kutafuna. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Raya hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu sana."

"Ah," akasema. "Wewe ndiye unayenisalimu sana, Bi Mkubwa."

Safari hii nilikuwa na kitu kweli. Raya alinitumia sauti kwenye simu, ile simu ya kupangusa aliyonipa mwenyewe. Sauti mbili. Ya kwanza akasema ni swali, nimwekee Mwalimu. Ya pili ni yangu. Nikamwekea ya kwanza.

Sauti ya mtoto ikatoka pale mkekani. Shikamoo, Mwalimu. Kisha ikasoma haraka haraka, kama anayekimbia mvua: mawe safi ya chokaa, kilo mia mbili na hamsini, yameungua yote. Chokaa itapatikana kilo ngapi?

Mwalimu alikaa wima. Mkono wake wa kulia ulinyanyuka, kidole kikaanza kuandika kwenye paja juu ya kanzu, mstari, mshale, mstari. Midomo ikacheza. Dada yake alikuwa mlangoni, akasimama na ungo wake, hakuingia. Miye sijui kemia, lakini jawabu nilikuwa nimeambiwa kwenye ile sauti ya pili, nimelibeba kichwani tangu Chokocho: mia na arubaini.

"Mia na kumi," akasema.

Akageuza uso kwangu. Haukuelekea sawa, ulielekea bega langu. Ulikuwa uso wa mtoto anayengoja.

Miye, ambaye niliwaambia maharusi mbele ya watu kuwa pilau yao imeungua, miye nilisema, "Sahihi, Mwalimu."

Kidole kilikuwa bado kwenye paja. Kikarudi mwanzo wa mstari, kikapita tena polepole, kikasimama.

"Mtoto amekupa jawabu?"

"Amenipa."

"Ngapi?"

Nikaanza kukusanya sahani ya pweza.

"Bi Mkubwa, ngapi?"

"Mia na arubaini."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Nimehesabu hewa. Nimeulizwa kilichobaki, nimejibu kilichoondoka. Kosa la wiki ya kwanza." Halafu akasema, si kwa hasira, ningependa iwe kwa hasira: "Walimu wenzangu wakija wananambia sahihi. Fundi wako akija, akilia, ananambia sahihi. Dada yangu namwambia leo Jumanne, na ni Alhamisi, ananambia ndiyo. Wewe nilidhani utanambia nimekosea."

"Umekosea," nikasema. "Rudia."

Alirudia. Kidole kiliandika kila kitu upya, na safari hii alisema kwa sauti, jiwe, mshale, chokaa, hewa, imesawazika, mia inatoa hamsini na sita, mia mbili na hamsini inatoa... Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Mia na arubaini."

"Sasa sahihi."

"Kweli?"

"Wallahi sahihi."

Nikaona hakuniamini. Nimemwambia neno moja mara mbili, la kwanza uwongo na la pili kweli, na yeye kwa kusikia tu hana njia ya kuyatenga. Nilitamani nimfungue kifua changu apapase ndani mwenyewe.

Basi nikashika simu, nikapapasa papasa, nikamwekea sauti ya pili, ile iliyokuwa yangu.

"Bibi, jawabu ni mia na arubaini. Usimwambie. Mwache afikiri mwenyewe, hata akichelewa. Na akikosea mwambie amekosea, Bibi, usimwonee huruma. Huyo ni mwalimu wangu."

Ikakatika. Nje mtu alikuwa anakuna nazi kwenye mbuzi. Mwalimu alinyoosha mkono, akatafuta mpaka akaigusa simu kwenye kiganja changu.

"Rudisha," akasema.

Nikairudisha. Aliisikiliza ameinamisha kichwa, na kwenye yale macho meupe maji yakaja, mengi, yakashuka mpaka kwenye ndevu. Dada yake akaweka ungo chini.

"Tena, Bi Mkubwa."

Nikaiweka tena.